Magurudumu Manne Uliyomletea Maman

Kwa Yaya, kaka yangu mkubwa, huko Kinshasa,

Barua tatu za kwanza nilizifunga ndani ya bahasha na kuandika anwani yako juu yake. Hukujibu hata moja. Hii ya nne naiacha wazi, aisome yeyote anayejua kusoma, kwa sababu mwezi uliopita mjumbe wako alikuja nyumbani Muhumba, hapa Bukavu, na karatasi, na sahihi iliyokosekana kwenye karatasi hiyo ni yangu. Unataka kuuza shamba la maman la Walungu. Nitakujibu. Lakini nitaanza nyuma kidogo, kwa sababu shamba hilo ulilipata kwa njia ya gari, na gari hilo mimi na wewe tulilibadilisha miguu kwa mikono yetu.

Papa alimnunua Koko, ndilo gari hilo, kwa mkulima mmoja wa kahawa, Mbelgiji, aliyekuwa akifunga masanduku yake. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi saba. Lilikuwa gari la Kifaransa, la kijivu, lenye mgongo wa mviringo na magurudumu membamba. Jirani yetu alilizunguka mara mbili, akasema, "Hii haiko motokari, iko koko." Koko, yaani bibi. Papa hakukasirika. Alisema bibi anaheshimiwa, motokari haiheshimiwi. Jina likabaki, na tangu siku hiyo tukamtaja kama tunavyomtaja mtu.

Unakumbuka Jumapili zile baada ya misa, papa anamteremsha Koko hadi ukingoni mwa ziwa, anavua viatu, anakunja suruali. Wewe ulipewa paa kwa sababu ulikuwa mrefu. Mimi nilipewa vifuniko vinne vya magurudumu, vile vya chuma cheupe, na nilivisugua kwa majivu mpaka nikauona uso wangu umevimba ndani yake. Ulikuwa unanirushia maji na kuniuliza kama nimekwisha kujipaka poda. Papa alikuwa karani wa kiwanda cha chai, mtu wa maneno machache, lakini siku hizo aliimba. Alikufundisha kuendesha kwenye mteremko wa mjini, katikati ya watu. Mimi alinipeleka kwenye tambarare ya Kavumu, akisema msichana ajifunze mahali ambapo hakuna wa kumcheka. Wewe ulikuwa umekaa kiti cha nyuma, na ulicheka kwenda na kurudi.

Maman alimpenda Koko kwa sababu moja tu. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu uzazi wa mwisho, wa yule mtoto ambaye hakuishi, na haikupona tena. Malori ya kwenda Walungu yana ngazi ndefu, na wanawake wengine walikubali kusukumwa nyuma na kuvutwa mikono. Maman alikataa. "Siko gunia ya maharagi," alisema. Lakini Koko alikuwa chini. Maman alifungua mlango, akageuka, akakaa kwanza, kisha akaingiza miguu mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemgusa. Kila Jumamosi ya pili, salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, ikiisha, tulimpeleka shambani kwake. Alikaa kwenye kiti katikati ya migomba, akawaelekeza wafanyakazi, akagombana na jirani juu ya mpaka, akarudi na ndizi na maharagwe na uso wa mtu aliyetoka kwao.

Papa alipojua kwamba hatainuka tena, alituita sote wawili kando ya kitanda. Maman alikuwa amekaa miguuni pake. Maneno yake niliyaandika jioni ileile, na daftari ninalo hapa.

"Siwaachie motokari. Ninawaachia ngombe ya bugabire. Mukubwa atashika kamba. Mudogo atashika karte rose. Maziwa ni ya maman, na ngombe ni yake."

Wewe ulitabasamu, kwa heshima. "Papa, ngombe ya magurudumu?"

"Ata ya magurudumu. Siku itakufa, mutamuletea ngozi."

Kwa msomaji ambaye si Mushi, si mtu wa kabila letu, nieleze. Kwetu mtu akikupa ng'ombe wa bugabire, hakukuuzia wala hakukutupia. Unamfuga, unakunywa maziwa, na wewe na aliyekupa mnakuwa watu wa nyumba moja. Huwezi kumuuza bila yeye kujua. Ng'ombe akifa, unampelekea ngozi. Akishaiona ngozi, haulizi tena alikufaje, na mara nyingi anakupa ng'ombe mwingine, kwa sababu umeonyesha kwamba hukumficha. Ndivyo tulivyolelewa. Kutilia shaka ngozi ni kumwita mtu mwizi mbele ya mama yake.

Kwa miaka sita tuliyashika maneno yale. Ufunguo ulikuwa kwako, karte rose, karatasi ya umiliki wa gari, ilikuwa kwenye sanduku langu, na maman alienda Walungu na kurudi. Kilichotushinda ni matairi. Mgeni aliyekuwa akiuza matairi ya kipimo cha Koko alinyang'anywa duka wakati biashara za wageni zilipopewa wenyeji. Mwenyeji aliyepewa aliuza vilivyokuwamo, kisha akafunga mlango. Tukaanza kuziba. Mpira wa ndani wa gurudumu la nyuma kushoto ulikuwa na viraka kumi na vitatu. Barabara nayo ilikuwa imegeuka mfereji. Mara mbili tulilala njiani, Nyantende, ndani ya gari, maman akisali rozari kwenye kiti cha mbele, wewe ukimwambia Mungu anasikia lakini hauzi matairi.

Kisha siku moja ulikuja kazini kwangu, kwenye redio, umechangamka, na habari ya matairi.

"Mudogo, nimepata mapine. Ya kisasa, mapana, haina mupira ya ndani. Ni ya pick-up. Na jante zake."

"Itaingia ku Koko?"

"Fundi Cikuru atafanya iingie."

"Inatoka wapi?"

"Ku rafiki."

"Rafiki gani?"

"Aa, mudogo. Siko mbele ya micro yako. Weye unasemaka bintu ya batu, miye ninafanyaka bintu. Ni juu ya maman. Unataka alale tena Nyantende?"

Nilicheka. Katika kazi hii nimejifunza kwamba swali lisilojibiwa huulizwa mara ya pili, kwa maneno mengine, bila hasira. Nimewauliza hivyo makamishna na makanali. Wewe sikukuuliza mara ya pili.

Kazi ilichukua Jumamosi tatu, kwenye kiwanja cha fundi Cikuru, Kadutu. Cikuru alikuwa mtu mwembamba, mwenye mazoea ya kuongea na magari kuliko na wenyewe. Alizunguka magurudumu mapya, akayapiga teke, akamtazama Koko kwa huruma.

"Citoyen, munataka Koko avae bottes ya basoda?" aliuliza, akimaanisha viatu vya wanajeshi.

"Anaenda Walungu," ulimjibu. "Haendi ku dansi."

Matundu ya zile jante, yaani rimu, hayakulingana na misumari ya Koko. Cikuru alikata mabamba manne ya chuma kutoka kwenye fremu ya lori bovu, akatoboa kila bamba maduara mawili ya matundu, duara moja la Koko, moja la magurudumu mageni. Juu ya springi akaweka vipande vya chuma ili kumwinua. Hata hivyo usukani ulipozungushwa, tairi liligonga bati la juu. Ilibidi bati likatwe, upana wa vidole vitatu, pande zote nne. Wewe ulishika msumeno. Mimi nilishika bati lisitetemeke. Nilisikia kila jino la msumeno mikononi, na nilijiambia kwamba papa angeelewa. Kisha nilikaa chini na tupa, mchana mzima, nikisugua kingo zile moja baada ya nyingine ili zisipasue kikwembe, kile kitenge cha maman.

"Unasugua kama vile unaoshaka meno ya mutoto," Cikuru aliniambia.

"Maman anashika hapa akiingia."

Cikuru alikutazama, kisha akanitazama. Sasa nafikiri alijua, lakini siwezi kuapa, na mtu siwezi kumshitaki kwa jinsi alivyotazama.

Alipomaliza alikupa onyo moja. "Mukubwa, kuanzia leo konteri ya kilometa itawadanganya. Gurudumu ikizunguka mara moja, inaenda mbali kuliko zamani, lakini konteri haijue. Mutatembea mingi, yeye atasema mulitembea kidogo."

Yale magurudumu manne ya zamani, na vifuniko vyake vyeupe, yaliachwa kwenye kibanda chake. Ulisema utayapitia siku nyingine.

Jumapili iliyofuata tulienda kumjaribu, mimi na wewe tu. Hiyo ndiyo siku inayonisumbua kuliko zote. Kabla ya kufika Mugogo kulikuwa na malori matatu yamezama katika udongo mwekundu, watu wamekaa juu ya mizigo, wamekata tamaa. Koko alipita kando yao akiyumba kama ng'ombe mjamzito, na watu wakampigia makofi. Ulitoa kichwa dirishani ukawaambia, "Muheshimu bibi." Usukani ulikuwa mzito, na kwenye miinuko alichoka upesi, kwa sababu injini ilikuwa ileile na miguu ilikuwa ya mwingine. Hatukujali. Tuliimba nyimbo za papa. Tangu papa alipomnunua, kutoka lango letu hadi migomba ya maman konteri ilihesabu kilometa arobaini na moja. Siku ile ilihesabu thelathini na sita. Nilikuonyesha.

"Umeona?" ulisema. "Tumesogeza Walungu karibu."

Niliandika maneno hayo. Nilikupenda sana siku ile, Yaya. Nataka ulijue hilo pia.

Jumamosi ya zamu ya maman, ulimleta Koko mbele ya mlango. Maman alitoka amevaa kikwembe cha kwendea kwao. Alifungua mlango, akageuka, akajishusha kama kawaida, na hakukuta kiti. Kiti kilikuwa karibu na mbavu zake. Alishika bati nililolisugua, akainua mguu wa kulia kidogo, ukarudi chini. Alijaribu mara moja tu. Kisha akakuuliza bila kupandisha sauti:

"Njo motokari yangu hii, ao ya bengine?"

"Ni yako, maman. Tutakuchongea kakiti ka kupandia."

"Papa yenu hakunichongeaka kakiti."

Alirudi ndani. Ulienda Walungu peke yako ukaleta ndizi. Ningesimama pale langoni dakika moja tu na kufikiri, ningejua. Gari lililobadilishwa kwa ajili ya mtu, na mtu huyo ndiye pekee asiyeweza kuliingia. Lakini nilikuwa nachelewa kazini, nikafikiria kiti. Nilikwenda hata kumtafuta seremala.

Jumatatu ulikuja kuchukua karte rose. "Kipimo ya mapine imebadilika, inabidi waiandike ndani. Wasitusumbue ku barrière ya polisi." Ilikuwa sababu nzuri. Nilifungua sanduku, nikaweka karatasi ya papa ndani ya bahasha safi, nikakukabidhi. Ulinishukuru. Uliniita mudogo wa dhahabu.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, saa maman anaporudi kutoka misa, uliingia uani kwa pick-up ya kukodi. Ulishuka, ukateremsha magurudumu manne ya zamani, yameoshwa, vifuniko vyake vinang'aa, ukayapanga mbele ya miguu ya maman. Ulipiga goti.

"Maman, ngombe ilikufa."

Ulieleza kwamba ulimpeleka abiria aliyekulipa upande wa Mwenga, kwamba barabara ilikatika chini ya tairi, kwamba Koko alianguka bondeni na hakuna anayeweza kumtoa. Ulikuwa na bandeji mkononi. Maman aliinama, akagusa gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Alilia kidogo.

"Ulileta ngozi," alisema. "Ni muzuri. Umekula?"

Ulikula. Mimi ndiye niliyekupakulia. Na kabla hujaondoka maman alikuita pembeni ya baraza, mimi nikiwepo, akafanya lile ambalo mila inamtaka mwenye ng'ombe afanye. Hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na shamba. "Chukua shamba ya Walungu," alikuambia. "Miguu yangu haitafika tena kule. Weye ulikuwa mukweli." Wewe uliinamisha kichwa, ukasema aksanti, maman.

Mimi, ninayelipwa ili niulize saa ngapi, upande gani, nani aliona, sikuuliza swali hata moja. Nilikuwa nimeiona ngozi. Nilikuwa mtoto wa Kishi kabla sijawa mwandishi wa habari, na siku ile mtoto alimshinda mwandishi. Ilipita karibu wiki nzima ndipo, nikiwa nasubiri basi, jambo likanijia lenyewe. Ngozi huchunwa ng'ombe akishakufa. Magurudumu yale tulimvua Koko akiwa mzima, mimi na wewe na Cikuru, na hayakuwa naye bondeni. Nikalisukuma wazo lile mbali. Nikajiambia: angeleta nini kingine?

Baada ya miezi minne redio ilinituma Mwenga, daraja lilikuwa limeanguka. Nilishuka kwenye lori mbele ya duka la mnunuzi wa dhahabu, na Koko alikuwa amesimama pale. Kijivu chake, mgongo wake, magurudumu yake mapana yenye matope. Nilipitisha kidole kwenye ukingo wa bati. Ulikuwa laini, jinsi nilivyouacha.

Mwenyewe alitoka, mtu mnene, mchangamfu, amevaa kofia.

"Unaipenda? Siiuze."

"Ni motokari ya nguvu, mukubwa. Uliitoa wapi?"

"Bukavu. Ku muntu moja mwenye akili. Nilimuambia: miye niko Mwenga, bila mapine ya juu siichukue, barabara itaikula. Nilimupa mapine, njo akaifungisha. Ilinifikia tayari."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya papa yake. Nilimuuliza vizuri, miye sipendake matata. Nikamuambia, hauna bandugu? Watakuya kunisumbua? Akasema hapana. Akasema, papa alizaa miye tu."

Alinionyesha karte rose. Bado ilikuwa ndani ya bahasha yangu. Kisha, kwa kuwa nilikuwa mgeni na daraja lilikuwa mbali, alinipa lifti. Nilikaa nyuma, upande wangu wa zamani. Sina ugomvi na mtu yule. Alinunua wazi, akauliza alichopaswa kuuliza, na akaamini alichojibiwa. Njia nzima alinisimulia jinsi Koko anavyovuka mito.

Yaya, nimekaa na maneno yale manne kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na hasira ya gari. Magari huuzwa. Watu hubanwa na mambo wasiyoweza kuyasema. Nimewahoji wengi wa aina hiyo, na wengine niliwaelewa. Nimejaribu kufikiri labda ulikuwa na hofu, labda kulikuwa na mtu anayekutisha. Lakini tulikuwa pamoja kwenye tope la Mugogo, tunaimba, na wakati ule ulikuwa umekwisha kumwambia mtu kwamba mimi sikuzaliwa. Ungeniambia tu unataka kumuuza, ningekuletea karte rose mwenyewe. Ningekwenda na wewe kwa maman, tungesema pamoja, angekasirika juma moja, angekubali. Hukuhitaji kuniibia kitu ambacho ningekupa.

Nilirudi Bukavu na sikumwambia maman. Nilijidanganya kwamba ninamhurumia. Ukweli ni kwamba alikuwa akikusifu kwa majirani, mtoto aliyeleta ngozi, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kumnyang'anya sifa ile. Wewe ulihamia Kinshasa. Ikapita miaka miwili.

Ndipo mjumbe wako akaja, mtu mpole, amevaa abacost ya bluu, ile suti isiyo na tai, mkoba chini ya kwapa.

"Citoyenne, ni sahihi tu. Mukubwa wako alisema hautakuwa na shida."

Nilimwambia aache karatasi, arudi baada ya juma moja. Niliisoma mara mbili. Inasema shamba lilitolewa na maman kwa hiari yake, bila udanganyifu wa aina yoyote, na kwamba mimi, binti yake, ninashuhudia. Kwa hiyo kwa mnunuzi wa shamba mimi nilizaliwa. Nimesoma karatasi nyingi za uongo katika kazi yangu. Hiyo ni ya kwanza kuachiwa nafasi ya jina langu.

Nilimkuta maman jikoni, anachambua maharagwe kwenye ungo.

"Maman, Koko hakukufa."

Aliendelea kuchambua. "Uliiona?"

"Nilipanda ndani."

"Inatembea?"

"Inatembea."

"Na mapine ile ya juu?"

"Njo ileile."

Aliweka ungo chini. "Basi ile aliniletea haikuwa ngozi. Ilikuwa viatu."

Nilimweleza yote, kwa mpangilio, bila kuongeza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ulijua tangu wakati gani?"

"Miaka mbili."

"Na weye pia," alisema.

Sijui nitaibeba vipi kauli ile. Niliihesabu kuwa haki.

Siku ya tatu alinitaka nimpeleke Walungu. Nilimwambia nitatafuta gari dogo. Akasema mjumbe wako hatangoja gari dogo. Tulikwenda kituo cha malori asubuhi. Vijana watatu walimshika, wawili makwapani, mmoja chini ya magoti, wakampandisha juu ya magunia. Alifumba macho mpaka walipomwachia. Nilimpa mkono wangu njia nzima, akaushika, lakini hakuzungumza nami mpaka Nyantende.

Shambani aliwaita majirani na mkubwa wa kilima, chifu mdogo wa pale. Walikaa kwenye majani ya migomba, yeye kwenye kiti chake. Alisema, "Shamba hii nilimupa mutoto wangu juu ya ile ngozi alinionyesha. Ngombe iko hai, banapakia batu ndani yake ku Mwenga. Ninairudisha shamba yangu." Mkubwa wa kilima alimuuliza kama ana uhakika. Maman alinielekezea kidevu: "Huyu aliona." Ndipo nikashuhudia, Yaya, kwa sauti, mbele ya watu kumi na mmoja, kile nilichopaswa kushuhudia miaka miwili iliyopita. Sauti yangu haikutetemeka. Ni sauti ya kazi.

Amekataa kurudi mjini. Analala kwenye kile kijumba cha matofali ya udongo, mke wa jirani anampikia, na tayari amegombana naye juu ya chumvi. Mimi nimerudi Muhumba kwa ajili ya kazi. Karatasi yako nimemkabidhi mjumbe, nafasi ya jina langu ikiwa nyeupe. Shamba haliuzwi. Koko simdai. Kama kuna kitu ninakidai, ni kwamba siku moja useme kwa mdomo wako, kwa mtu yeyote, hata kwa mgeni njiani, kwamba una dada.

Kabla sijaondoka Walungu nilimuuliza maman kama ana neno la kukuandikia. Nilidhani atakulaani, na nilikuwa nimeshika kalamu.

"Muandikie akuje. Sijamufukuza. Lakini asiniletee kitu, ata sukari. Akuje mikono mitupu, nimuone vizuri."

Mudogo wako,
mtoto wa pili wa papa